Bug Huyu, Bug Hii, Bug Hiki

Kwa kipindi fulani ofisi yetu ilikuwa na watumishi ambao, kwa mujibu wa kompyuta, walikuwa bado hawajazaliwa. Hawakuwa vijana. Walikuwa ni wale wazee wetu wenye miwani ya kusomea inayoning'inia kifuani kwa kamba, wanaojua kila jalada liko rafu gani na ni nani aliyelivuruga, na miongoni mwao alikuwamo Mkurugenzi mwenyewe. Mfumo mpya wa mishahara, uliofungwa na kampuni moja ya vijana wachangamfu, uliwalipa bila shida watu wote waliozaliwa mwaka 1969 na kuendelea, kisha ukakataa katakata kumlipa yeyote aliyezaliwa mwaka 1968 au kabla ya hapo. Kila jina lililokataliwa lilipewa sababu ileile: "Mhusika hajafikisha umri wa kuajiriwa."

Mhasibu wetu mkuu, mama mtu mzima aliyezaliwa mwaka 1966, alifungua taarifa zake akakuta umri wake umeandikwa 40 na ushei, lakini mbele ya tarakimu hizo kukiwa na alama ya kutoa. Aliitazama ile alama, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena, na alama ikawa ingali palepale. "Haya," alisema, "kama mimi sijazaliwa, wale wajukuu niliowaacha nyumbani asubuhi ni wa nani?" Hakuna aliyethubutu kumjibu, kwa sababu waliokuwa na umri wa kumjibu nao walikuwa hawajazaliwa.

Mimi kazi yangu ni masijala. Barua ikiingia naipokea, naigonga muhuri, naipa namba ya kumbukumbu, naiweka kwenye jalada na kuipeleka inakotakiwa. Kuielewa si sehemu ya majukumu yangu, na ninalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba katika yote yaliyofuata nilikuwa mtekelezaji tu.

Mkurugenzi aliiandikia kampuni ile barua kali, na jibu likaja upesi, kwa Kiingereza, likiwa limeandikwa na kijana ambaye nilikuja kumfahamu baadaye kuwa ni mtu anayesimulia hitilafu za kompyuta kwa lugha ya wawindaji. Nikiigeuza barua yake kwa Kiswahili na kuliacha neno moja lilivyo, ilisema kwamba bug imepatikana. Kwamba imekuwa ikiishi ndani tangu siku mfumo ulipofungwa. Kwamba inajificha kwa ustadi na imekuwa ikila kumbukumbu za zamani. Na kwamba wao wenyewe wangekuja mwisho wa juma kuiua. Aya ya mwisho iliomba wafanyakazi wote wakae nje wakati kazi hiyo ikifanyika. Alimaanisha nje ya mfumo, lakini neno "mfumo" lilikuwa limebaki aya ya juu.

Sasa, Kiingereza cha Mkurugenzi wetu si cha kubabaisha. Alikisoma kwa walimu waliokuwa wakisahihisha hata nukta, na kwa walimu hao bug alikuwa mdudu, basi. Isitoshe, alikuwa na ushahidi: mara kadhaa alikuwa amelalamika kwamba mende wanavuka korido wakielekea chumba cha seva kwa mwendo wa watu wenye miadi, na kila alipolalamika aliambiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa. Aliisoma barua ile kwa furaha ya mtu aliyepuuzwa ambaye mwishowe ukweli umemtetea. Pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika: "Masijala. Si nilisema? Bug huyu aangamizwe. Watafutwe wapuliza dawa, waje mwisho wa juma hilohilo, washirikiane na hao vijana."

Nilichukua kamusi ya Kiingereza na kwenda nayo ofisini kwake. Nilisimama mlangoni mpaka aliponikaribisha, nikasema, "Samahani, Mzee. Nadhani neno hili lina maana nyingine pia." Akanyoosha mkono, akaipokea kamusi, akaifungua pale nilipoweka kipande cha karatasi. Maana ya kwanza ilikuwa mdudu. Ya pili, kijidudu kiletacho maradhi. Ya tatu, chombo cha kunasia maongezi kwa siri. Ya nne, hitilafu katika programu ya kompyuta. Ya tano, hamu kubwa ya jambo, kama vile mtu anaposemwa kwamba ameumwa na bug ya kusafiri. Mkurugenzi aliisoma ya kwanza kwa sauti, akaifunga kamusi na kunirudishia.

"Bwana Masijala," alisema kwa upole, "kamusi huanza na maana. Zinazofuata ni maoni."

Sikubishana. Na kusema kweli, hata hiyo maana ya kwanza aliyoishikilia haikuwa ya kwanza kihistoria, kwani kabla ya kuhamia kwa wadudu neno linalofanana nalo lilitumika kwa mazimwi na vitisho vya gizani. Mwaka 1535, Myles Coverdale alipochapisha Biblia yake ya Kiingereza, mstari wa Zaburi ya 91 ambao sisi tunausoma "Hutaogopa hofu ya usiku" yeye aliutafsiri kwa kumwahidi msomaji kwamba hatakuwa na haja ya kuogopa bug yoyote usiku. Waingereza wenyewe baadaye waliibandika toleo hilo jina la utani la Biblia ya Bug. Nilitamani kumweleza Mkurugenzi jambo hilo, lakini niliona kwamba kumwongezea mazimwi juu ya mende kusingeharakisha mshahara wa mtu.

Baada ya hapo niliagizwa niandike tangazo la ubaoni, na hapo ndipo Kiswahili kiliponikaba koo. Mwingereza anaweza kulitumia neno hilo ukurasa mzima bila kumfunulia msomaji kama anachokiona kina miguu au hakina, kwa sababu lugha yake haimdai. Lugha yetu hudai papo hapo. Kabla hujafika kwenye kitenzi umeshaulizwa ngeli: je, bug ameonekana, bug imeonekana, au bug kimeonekana? Ukiandika "ameonekana" umeshakubali kwamba ana roho, anatembea usiku juu ya majalada na pengine ana familia. Ukiandika "imeonekana" umekiri kwamba ni hitilafu, na sasa una kesi ya kujibu kwa Mkurugenzi. Nilipendekeza niandike "hitilafu ya mfumo" na kumaliza. Mkurugenzi akakataa: "Neno la kitaalamu liache lilivyo. Usilitafsiri, tusije tukapotosha maana."

Kwa hiyo nilitunga sentensi ambayo haikuwa na upatanisho wa aina yoyote, na ninajivunia mpaka leo ustadi wake wa kukwepa: "Wafanyakazi wote mnaarifiwa kwamba kuna bug katika jengo. Hatua zinachukuliwa. Hakuna kuingia ofisini mwisho wa juma." Msomaji makini ataona kwamba nililiacha tundu pale kwenye ngeli. Sikujua kwamba kila idara ingekuja na kiambishi chake kulizibia.

Makatibu muhtasi walisema bug "hawa", kwa wingi, na walimaanisha kunguni, kwa hoja kwamba hata jina la Kiingereza la kunguni lina neno hilo ndani yake. Kufikia mchana viti vyote vyenye sponji vilikuwa vimetolewa nje na kugeuzwa miguu juu, na wageni wa ofisi wakawa wanahudumiwa wakiwa wamesimama. Dada anayetunza sanduku la huduma ya kwanza alisema bug "hii inaambukiza", akabandika juu ya kila sinki maelekezo ya kunawa mikono, na mtunza stoo ambaye kwa bahati mbaya alikohoa saa hiyo akahamishiwa meza ya dirishani, mbali na watu. Kijana mmoja wa idara ya usafirishaji, aliyekuwa amekataliwa likizo, alisikia kutoka kwangu ile maana ya tano, akaandika barua ya kuomba mapumziko kwa sababu za kiafya, akieleza kwamba ameumwa na bug ya kusafiri na kwamba hali yake inazidi kuwa mbaya kila anapoona ramani. Niliigonga muhuri na kuipa namba kama barua nyingine yoyote.

Aliyenipa taabu kuliko wote alikuwa mlinzi mkuu, askari mstaafu, mtu wa nidhamu ambaye hata chai huinywa kwa ratiba. Aliingia masijala akiwa ameweka kidole kwenye midomo, akafunga mlango, akachomoa redio yangu kwenye umeme, kisha akaniandikia kwenye karatasi: "KIMETEGWA WAPI?"

Nilimuuliza kwa sauti ya kawaida ni kitu gani hicho. Akakunja uso kwa uchungu na kuandika chini yake: "BUG."

Mlinzi mkuu, kama ilivyodhihirika, alikuwa ameruka moja kwa moja hadi maana ya tatu. Ilinibidi nimsikilize akinong'ona kisa cha Moscow, na kwa haki lazima niseme kwamba kisa chenyewe ni cha kweli. Mwaka 1945 watoto wa Kisovyeti walimzawadia balozi wa Marekani, Averell Harriman, nembo ya nchi yake iliyochongwa kwa mbao, naye akaitundika nyumbani kwake. Ndani ya mbao hiyo mlikuwa na chombo cha kunasia sauti kilichobuniwa na Leon Theremin, chombo kisicho na betri wala waya wa umeme, kilichokaa kimya kama mbao nyingine mpaka kipigwe mawimbi ya redio kutoka nje, ndipo kinapofanya kazi. Kilining'inia hapo miaka 7, mabalozi wakibadilishana, hadi kilipogunduliwa mwaka 1952.

"Zawadi," alininong'oneza. "Kila mara huanza na zawadi. Sasa nikuulize wewe: hawa vijana wa mfumo, siku walipomaliza kazi, walituachia nini?"

Walikuwa wametuachia saa ya ukutani yenye nembo ya kampuni yao.

Sikuweza kumzuia. Saa ilishushwa kwa mikono miwili, ikafunikwa kwa koti, ikaletwa mezani kwangu kwa kuwa masijala ndiyo yenye kitasa kinachofunga, na bisibisi ikaanza kazi. Alitandika gazeti, akazipanga sehemu zake kwa mstari: kioo, mishale mitatu, magurudumu ya plastiki yenye meno madogo, kipande cha waya wa shaba uliosokotwa, na betri moja. Ule waya wa shaba aliutazama sana. Nilimkumbusha kwamba kile chombo cha Moscow hakikuwa na betri, ilhali hiki kinayo. Alitafakari, akatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayewavulia adui zake kofia, akasema, "Ndiyo maana nakwambia wamezidi kuwa wajanja." Saa ile haikuunganishwa tena. Gurudumu moja liliviringika chini ya kabati la chuma na sidhani kama limewahi kutoka.

Mwisho wa juma ukafika. Mimi nilikuwapo kwa sababu funguo zilikuwa kwangu. Mlangoni mwa chumba cha seva wakakutana watu wawili waliotumwa na barua moja. Mmoja alikuwa kijana wa kampuni, mwembamba, kompyuta mpakato kwapani. Mwingine alikuwa mkuu wa wapuliza dawa, mzee mtulivu aliyevaa ovaroli na buti, bomba la dawa mgongoni na barakoa imeshushwa kidevuni, akifuatana na msaidizi aliyebeba daftari. Nayanukuu mazungumzo yao kadiri ninavyoyakumbuka, na sidhani kama nitakuja kuyasahau.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Na wewe umekuja kwa ajili ya bug?"

"Ndiyo, mzee. Nimemfuata mimi mwenyewe, huyu sitaki kumwachia mtu."

"Umeshamwona kwa macho?"

"Nimemwona kabisa. Amekaa mstari wa 412."

Mzee aliinama akaitazama sakafu, akaanza kuhesabu mistari ya vigae kutoka mlangoni, na alipofika ukutani hesabu yake ilikuwa bado iko mbali mno. Akaacha. "Ni mkubwa?"

"Hapana, ni mdogo sana. Tarakimu mbili tu."

"Yuko peke yake?"

"Asili yake ni mmoja, ila kila penye tarehe ya kuzaliwa anajitokeza."

"Anazaliana," mzee alimwambia msaidizi, na msaidizi akaandika.

"Shida yake," kijana aliendelea kwa shauku, "ukimgusa ovyo anavunja vitu vingine. Kuna ofisi tulimuua mmoja, wakaibuka watatu."

Mzee alirudi hatua moja. "Mlitumia dawa gani?"

"Tuliweka kiraka tu."

"Kiraka!" Mzee alimtazama kwa masikitiko ya fundi anayesikia kazi mbovu ya wengine. "Mwanangu, mnaziba tundu na mwenyewe yumo ndani?"

Akavuta barakoa juu, akapiga pampu mara kadhaa, akaielekeza kwenye rafu ya kompyuta. Kijana, ambaye mpaka dakika hiyo alidhani bomba lile ni la kuzimia moto, aliruka katikati akiwa ametanua mikono, akalia, "Mzee, hapana! Hawa hawapulizwi! Hawa hawana uhai!"

"Kama hawana uhai, wewe umekuja kumuua nani?"

Kwa sekunde kadhaa hakuna aliyesema kitu, isipokuwa feni za kompyuta zilizokuwa zikivuma. Niliingia kati na kuwaeleza wote wawili, kwa kifupi, kile ambacho Mkurugenzi alikataa kukisoma chini ya maana ya kwanza. Kijana alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mzee hakucheka. Alishusha bomba, akazunguka nyuma ya rafu, akachuchumaa mbele ya kompyuta kubwa ya chini kabisa ambayo feni yake moja ilikuwa imesimama, akanusa, na kusema, "Fungua hapa."

Kijana alisita, akaizima, akalegeza skrubu na kuvuta kifuniko. Mende waliotoka humo walitoka kwa mpangilio wa watu wanaohama nyumba: wakubwa kwanza, wadogo nyuma, wengine wakiwa wamebeba vifuko vyao vya mayai vyenye rangi ya kahawia. Walikuwa wamejazana kando ya kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, kwa sababu, mzee alieleza, hapo pana joto, pana giza, na hapana mtu wa kuwasumbua. Mmoja alikuwa amekufa zamani, amekauka, amelala juu ya vijipini viwili vya risasi kwenye ubao wa saketi, miguu sita ikiwa imekunjwa vizuri. Mzee alimwinua kwa kibano na kumweka kwenye kipande cha karatasi. Hakusema neno, lakini alimtazama kijana kwa muda mrefu.

Kijana, badala ya kuona aibu, alifurahi kupita kiasi. Alituambia kwamba tumeshuhudia historia ikijirudia, na akasimulia habari za mashine iliyoitwa Mark II, katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo ilifanya hesabu zake kwa swichi nyingi zilizofunguliwa na kufungwa kwa sumaku za umeme. Tarehe 9 Septemba 1947 iligoma. Mafundi walipoikagua walimkuta nondo amenaswa katika swichi ya 70 kwenye paneli F. Wakamtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi, mbele ya saa tisa na dakika arobaini na tano alasiri, wakaandika chini yake kwamba hiki ni kisa cha kwanza cha kweli cha bug kupatikana. Daftari hilo limehifadhiwa Washington, katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, na nondo yumo. Aliyekieneza kisa hicho duniani ni Grace Hopper, mwanahisabati aliyekuja kuwa admirali, ingawa si yeye aliyemkuta nondo mwenyewe.

Wengi hukisimulia kisa hicho kama chanzo cha neno lenyewe, na kijana wetu alikuwa karibu kufanya vivyo hivyo, lakini maandishi ya daftari yanakataa. Mtu haandiki "cha kwanza cha kweli" kama hajazoea visa visivyo vya kweli. Mafundi wale walikuwa wakitaniana: kila siku walikuwa wakilalamikia bug zisizo na mabawa, na siku hiyo moja ikaja nayo. Thomas Edison alikuwa ameshaliandika neno hilo katika barua mwaka 1878, akieleza kwamba uvumbuzi ukishaanza ndipo bug zinapojitokeza, yaani vile vijikasoro vinavyodai miezi ya kuhangaika kabla kitu hakijaweza kuuzwa.

Mzee wa dawa alisikiliza yote hayo kwa heshima, kisha akasema, "Lakini nondo si bug."

"Mzee, imeandikwa kwenye daftari."

"Imeandikwa na mafundi umeme. Sisi kwenye mafunzo yetu tuliambiwa kwamba bug wa kweli ni wa jamii ya kunguni na vidukari, mwenye mdomo mfano wa sindano, anatoboa ndipo anafyonza."

"Nondo naye anafyonza."

"Kwa mrija unaojikunja, hatoboi. Na mende hana hata huo mrija, yeye anatafuna." Akakifunika kibano chake. "Kwa hiyo ukiniuliza kitaalamu, chumba hiki hakina bug hata mmoja."

"Mmoja yupo," kijana alisema. "Mstari wa 412."

Wakafanya kazi sambamba. Mzee hakupuliza tena. Aliweka chambo cha dawa nyuma ya rafu na kwenye nyufa, kwa vitone vidogo, kwa umakini wa mtu anayetia nukta kwenye hati. Kijana aliketi sakafuni na kunionesha kile alichokifuata. Kadi zetu za zamani za masijala, zilizoandikwa na walionitangulia, zilikuwa na mwaka wa kuzaliwa kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo kompyuta ilipozisoma ililazimika kukisia karne. Kanuni iliyomo katika programu nyingi husema kwamba 69 hadi 99 ni 1969 hadi 1999, na 00 hadi 68 ni 2000 hadi 2068. Aliyezaliwa mwaka 69 akabaki mtu mzima, na aliyezaliwa mwaka 68 akapelekwa 2068 kusubiri zamu yake. Ni ndugu wa ile hofu iliyoikumba dunia mwaka 1999, wakati kompyuta zilizofundishwa kuandika miaka kwa tarakimu mbili zilipokaribia kuukuta mwaka 00 na kudhani zimerudi 1900. Alibadilisha mstari ule mmoja, akabonyeza kitufe, na wazee wetu wote wakazaliwa kwa mpigo.

Jumatatu mishahara ilitoka. Mhasibu mkuu alichapisha ukurasa wenye umri wake, usio na alama ya kutoa, akaubandika ukutani mbele ya meza yake. Nilijaribu kumweleza Mkurugenzi kuhusu mstari wa 412, naye alinisikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu, akiwa ameshika bahasha yenye yule mende mkavu ambaye mzee wa dawa alimwachia kama ushahidi. "Bwana Masijala," alisema, "mende wameondolewa Jumamosi, mshahara umetoka Jumatatu. Unataka nini zaidi?" Katika taarifa yake kwa bodi aliandika kwamba bug ameuawa, na bodi ikampongeza.

Jambo hilo lingeishia hapo kama si mkaguzi wa hesabu. Alipopitia hati za malipo alikuta mbili za tarehe moja, kwa watoa huduma wawili, zenye maelezo yaleyale neno kwa neno: "Kuangamiza bug, chumba cha seva." Akaandika hoja ya ukaguzi: ofisi ieleze kwa nini bug mmoja ameuawa mara mbili kwa fedha tofauti, na kwa nini saa moja ya ukutani imefutwa katika daftari la mali kwa sababu ya "kuhisiwa kuwa bug".

Niliitwa na majalada yangu. Niliweka mbele yake karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mende, amebandikwa kwa selotepu, tarehe pembeni. Ya pili ilikuwa na mstari wa 412, kabla na baada ya kurekebishwa. Mkaguzi alizitazama kwa zamu.

"Kati ya hawa wawili, ni yupi aliyemnyima Mkurugenzi mshahara?"

Nilimwonesha karatasi ya pili.

"Huyu hana miguu."

"Hana."

"Na huyu mwenye miguu, kosa lake ni nini?"

"Alikuwapo tu."

Alifikiri, akachukua kalamu, akapitisha malipo yote mawili. Kisha akageuza ukurasa. Kuhusu saa, alisema, hajaridhika, kwa kuwa haikuwa na miguu wala mstari, na akataka aliyeibomoa ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba. Maelezo ya mlinzi mkuu yalifika masijala kabla ya wakati, yakiwa yamechapwa vizuri katika nakala tatu, na niliyagonga muhuri, nikayapa namba na kuyapeleka yalikotakiwa. Yalikuwa na sentensi moja: "Chombo husika kilikuwa kikitoa mlio wa kutia shaka kila baada ya sekunde moja."